Kumi wa Kwanza wa Mtaa wa Gurruchaga

Buenos Aires, 1934

Julai 3
Mvua. Kamati ya sinagogi imeniletea daftari la kurasa mia mbili, jalada jekundu, ninakili humo historia ya jumuiya yetu. Septemba, mkesha wa Mwaka Mpya wetu, itatimia miaka ishirini na tano tangu sisi watu wa Zhvinitz, mji tuliouacha ng'ambo ya bahari, tuliposali pamoja mara ya kwanza katika mji huu. Historia wanaitunga wanaume. Mimi nimepewa mwandiko tu, maana mwandiko wa katibu hata mwenyewe anaukimbia. Nimekadiria kwa jicho, nikaona maneno yao hayatajaza nusu ya daftari. Yao inaandikwa kwa Kihispania, kutoka kushoto. Mimi naandika yangu kwa Kiyidi, lugha ya mama zetu, kutoka kulia. Tutakutana katikati.

Julai 5
Don Leiser Tcherny, mwenyekiti wetu na fundi magodoro, ameleta orodha ya Kumi wa Kwanza. Bila wanaume kumi hakuna sala ya jumuiya, kwa hiyo kumi hao ndio sinagogi lenyewe. Majina yao yatachongwa kwenye marumaru na kuwekwa ukuta wa mashariki, upande wa heshima tunaouelekea tukisali. Nimeyanakili vizuri.

Julai 9
Katibu ameleta orodha nyingine. Kumi wa Kwanza sasa ni kumi na wawili. Nilipomwuliza imekuwaje, akasema historia inakua.

Julai 12
Kumi na wanne. Mvua.

Julai 14
Pinie mwuza kofia amekuja na bakuli la samaki wa kusaga, akaketi, akasifu mapazia yangu, akasifu kifo cha marehemu mume wangu, eti kilikuwa kifo cha mtu mwema. Kisha akaanza.

"Doña Zlate, dada yangu, wewe unakumbuka. Jioni ile nilisimama pale dirishani, nikilia."

Nikamwambia samaki ni mtamu. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Nakijua kwa sababu kilikuwa chumba changu.

Julai 15
Leo sina vifungo vya kushona, na hakuna aliyeniuliza, basi nitaliuliza daftari.

Mwaka 1909 mimi na Haim wangu tulikuwa tumeoana miezi mitano. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya uani yenye familia ishirini na bomba moja la maji. Mkesha wa Mwaka Mpya wanaume wa Zhvinitz wakakusanyika chumbani kwetu wasali. Haturuhusiwi kuhesabu watu kwa namba, ni mkosi. Huwa tunachukua mstari wa maneno kumi, kila kichwa neno lake. Niliwahesabu mimi, maana wao walikuwa wanagombana nani aongoze. Maneno tisa yakapata vichwa. Neno la kumi, "milele", likabaki mdomoni mwangu bila mtu.

Hapo akaingia mgeni, kofia imemfunika mpaka puani, akaomba maji kwa Kiyidi. Nikampa. Akakaa kwenye gunia la makaa karibu na jiko, na kabla sijapokea kikombe alikuwa amelala. Haim akataka kumwamsha. Mzee Ersh, msomi pekee tuliyekuwa naye, akamshika mkono na kusema kwamba kisheria aliyelala anahesabiwa, ilimradi awe mmoja tu. Basi "milele" ikamwangukia huyo. Wakasali. Jioni ilikuwa ya baridi, nami nikamfunika mgeni kwa shali yangu ya kahawia yenye pindo la kijani, aliyonifumia mama yangu na kunivika mwenyewe siku ya kuagana. Sikumwona tena mama.

Sala ikaisha, watu wakatawanyika, nikaenda uani kuosha glasi. Niliporudi mgeni hayupo, shali haipo, na mlangoni amesimama Beile Sirota, jirani yangu, anaangalia hewa. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameishika shali ile na kusema laiti angekuwa nayo. Mgeni alikuwa mtu wa kulala, na aliyelala haibi. Beile alikuwa macho.

Tangu siku hiyo sijasema naye. Tunakaa pamoja roshani ya wanawake, mimi huku, yeye kule, kati yetu nguzo. Nikiwa na la kumwambia, naiambia nguzo. Yeye naye huijibu nguzo. Nguzo yetu inajua mambo mengi.

Wanaume wote waliokuwapo wanajua wa kumi alikuwa amelala. Wanaona aibu. Nani anataka kuchonga koromo kwenye marumaru?

Julai 22
Amefika kantori, yaani mwimbishaji wa sala, Kalmen Vaisberg, kutoka Lodz. Kamati imemtoa mbali ili tuwapite watu wa sinagogi la ng'ambo ya barabara, ambao kantori wao ana pumu. Huyu wetu ana kifua cha farasi na kidevu cha mtu anayejua analipiwa nauli. Anaishi chumba cha juu hapohapo sinagogini.

Julai 28
Kantori ameimba Sabato yake ya kwanza. Nimelia, nakiri. Beile akaiambia nguzo kwamba wengine hulia ili waonekane. Nikaiambia nguzo kwamba wengine hawana cha kulilia isipokuwa dhamiri zao.

Lakini kuna Nusn. Nusn Vaintroib hununua chupa tupu mlango kwa mlango, anaamka saa tisa za alfajiri na mkokoteni wake. Akiingia sinagogini hukaa kiti cha mwisho karibu na mlango, anabusu kitabu cha sala, anakifungua, na hapohapo analala. Hakoromi kama watu. Huanza chini, anapanda, anakaa juu kama anatafuta kitu kabatini, kisha anashuka kwa filimbi. Tumezoea. Leo kantori alipofika mahali pa kuvuta sauti nyembamba, Nusn naye alifika kabatini. Wakagongana. Kantori akanyamaza na kugeuka nyuma. Kutoka juu sisi tunawajua wanaume kwa vipara, na kipara cha kantori kilikuwa chekundu.

Agosti 4
Wamegongana tena. Mara tatu.

Agosti 11
Kantori ameiambia kamati kwamba ama yeye ama pua ile. Watu wa ng'ambo wameshamwalika chai. Mimi, kusema kweli, nilimwunga mkono. Sauti kama ile hatujawahi kuwa nayo, na Nusn anaweza kulala kwake bure.

Agosti 14
Waanzilishi wamefika kumi na saba. Mtoto wa marehemu Gedalie ameleta hata picha ya baba yake, kama kwamba picha inasali.

Agosti 16
Kamati imekata shauri. Nusn asiingie tena ukumbini wakati wa sala, maana si mwanzilishi wala hana kiti chake rasmi, alikuja tu kama wengine. Wamenipa niandike barua. Nimeiandika kwa mwandiko wangu wa sikukuu, na herufi ya kwanza nimeizungushia maua. Ilipendeza.

Agosti 17
Sikujua kwamba Nusn hajui kusoma Kihispania.

Alikuja saa sita mchana, kofia mkononi, barua ameishika kwa ncha za vidole asiichafue. Alisema ameletewa barua nzuri namna hii maisha yake yote mara moja tu, akaona anisumbue nimsomee. Labda, akasema, inahusu sherehe.

Nikamsomea. Nilijaribu kuharakisha mahali pabaya lakini nilikuwa nimeandika wazi mno. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Wana haki, Doña Zlate. Mimi nakoroma kweli. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinipiga teke."

Nikamwambia anaweza kusali nyumbani. Akasema nyumbani hapati usingizi. Kuna kimya mno, na ni pale tu, watu wakiomba karibu yake, moyo wake unatulia. Kisha akaikunja barua, akaomba radhi kwa kunichelewesha, akaondoka. Kitabu anaweza kukibusu hata kama hajui kusoma Kihispania, nikajiambia, wala sikujua kwa nini nasema hivyo. Sikushona kitu mpaka jioni.

Agosti 18
Sabato. Kantori aliimba bila kugongana na mtu. Ilikuwa safi na ndefu. Kiti cha mlangoni kitupu. Beile akaiambia nguzo kwamba barua ile ilikuwa na maua.

Agosti 23
Mvua.

Agosti 25
Mvua. Naambiwa Nusn husimama nje upande wa pili wa barabara wakati wa sala, chini ya paa la mwuza nyama. Amesimama wima, hajalala. Nimeenda kuchungulia mwenyewe, na ni kweli.

Agosti 27
Mvua. Paa la roshani linavuja juu ya kiti changu. Juu ya kiti cha Beile halivuji.

Agosti 30
Leo ni Santa Rosa, siku ambayo mji huu kila mwaka hupigwa dhoruba, na mwaka huu haikusahau. Tangu jana jioni mbingu zimefunguka. Kijito cha Maldonado kimepanda barabarani, Gurruchaga yote ni mto, na makreti ya mwuza mboga yanapita mlangoni kwangu yakielekea baharini.

Na leo ndiyo kumbukumbu ya kifo cha mama yake Don Leiser. Mwana lazima aseme Kadishi, sala ya wafiwa, na Kadishi haisemwi bila wanaume kumi. Jana jioni walifika sita. Asubuhi wanane. Sala ya alasiri ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho mpaka mwakani. Mama yake alifia Zhvinitz, yeye akiwa huku anakata sufu ya magodoro. Hakumzika. Naijua habari hiyo, maana mimi pia sikumzika wangu.

Naishi mlango wa pili, kwa hiyo nilikuwa nimepanda roshani kukinga maji kwa ndoo. Beile alikuwapo na ndoo yake. Chini walikuwa tisa, pamoja na kantori. Don Leiser alitembea mpaka mlangoni, akarudi, akatembea tena. Waanzilishi kumi na saba, na wa kumi hapatikani. Mwishowe akaja chini ya roshani, akainua uso. Sijawahi kuuona uso wake kutoka juu, siku zote ni kipara tu. Alikuwa kama mtoto aliyesahauliwa sokoni.

"Doña Zlate, nitafutie mwanaume mmoja. Yeyote."

"Yuko mmoja karibu, Don Leiser. Lakini nimemwandikia barua."

Akatazama viatu vyake. "Mwambie barua ilikuwa na makosa."

"Barua zangu hazina makosa."

Maji yakawa yanadondoka ndooni.

"Basi mwambie mwenye makosa ni mimi."

Nikashuka, nikafunga sketi kiunoni, nikaingia majini. Yalinifika magotini. Chumba cha Nusn kiko kwenye kona, na nilipofungua mlango chupa zote za mwaka huu zilikuwa zinaelea na kugongana, naye ameketi juu ya kitanda katikati yake kama nahodha. Nikampa maneno ya Don Leiser. Hakuuliza swali hata moja. Alishuka, akatungua ukutani kitambaa cha kujifunika kichwa, akasema twende.

Kilikuwa cha kahawia. Pindo la kijani. Kwenye kona moja kulikuwa na kosa la kufuma, alilolifanya mama usiku taa ilipomwishia mafuta.

Nilishika ukingo wa mlango. Nikamwuliza ameipata wapi. Nusn alidhani namshtaki.

"Sikuiba, Doña Zlate. Siku niliposhuka melini nilitembea tangu bandarini sijui niendako. Niliingia nyumba moja kuomba maji, nikaketi, usingizi ukanichukua. Nilipoamka hapakuwa na mtu, ila nina shali juu yangu. Nikaona, hii nimepewa. Alfajiri nikachukuliwa kwenda kuvuna ngano mikoani, nikakaa huko miaka minne. Niliporudi niliitafuta nyumba, wameshaivunja. Ndipo nikaja kusali kwenu."

"Walikuwa wanafanya nini watu wa nyumba hiyo ulipoingia?"

Akafikiri. "Wanagombana."

Tulikuwa sisi. Miaka ishirini na moja amekaa kwenye kiti cha mlangoni, na kila akiulizwa anasema mimi nilikuja baadaye. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na sikuwa na nafasi ya kufanya lolote, maana jua la nyuma ya mawingu lilikuwa linazama na mama wa Don Leiser anangoja. Nikamshika mkono tukavuka.

Alikaa kiti chake cha mwisho, maji yanamtoka kila upande. Akabusu kitabu. Akakifungua. Kabla kantori hajasafisha koo, Nusn alikuwa ameanza kupanda kabatini.

Kantori akafunga kitabu. Akasema yeye hawezi kumhesabu gogo, na kama ndivyo basi watu ni tisa, amshwe au sala isiwepo. Pinie akainuka kwenda kumtikisa.

Mwanamke hasemi kutoka roshani. Miaka ishirini na tano sijasema, isipokuwa na nguzo. Nikashika mbao za mbele, nikasema kwa sauti.

"Mwacheni. Don Leiser, sheria inasemaje juu ya aliyelala?"

Vipara vyote vikawa nyuso.

"Uliisikia chumbani kwangu mwaka 1909," nikasema. "Ulikuwapo kweli, wewe, karibu na mlango. Wa kumi alikuwa nani?"

Don Leiser alikuwa mwekundu kama bitiruti ya supu. Akasema polepole, "Mgeni. Alikuwa amelala kwenye gunia la makaa."

"Nilimfunika kwa shali. Itazame ile aliyojifunika."

Walitazama wote. Kisha Don Leiser akarudi mahali pake, akageukia mashariki, na akasema, si kwa kantori wala kwa mtu yeyote, kwamba aliyelala anahesabiwa, ilimradi awe mmoja. Akasali. Akasema Kadishi ya mama yake, sauti inamkatika, na kila penye "amina" Nusn alikuwa wa kwanza kuitikia, kwa pua.

Nilipogeuka, Beile Sirota alikuwa ananitazama. Haitazami nguzo. Ananitazama mimi.

Nikachukua ndoo yangu, nikakimbia nyumbani.

Septemba 1
Sijaenda sinagogini. Naumwa. Siumwi.

Septemba 3
Kamati imekutana na Don Leiser akawauliza waanzilishi wote swali moja, kila mtu peke yake. Wa kumi alikuwa anafanya nini? Mmoja akasema aliongoza sala. Mwingine akasema alipiga pembe ya kondoo. Pinie akasema wa kumi alikuwa yeye mwenyewe, naye alilia. Watatu tu waliinamisha kichwa na kunong'ona kwamba alilala. Pamoja na Don Leiser mwenyewe na watano walioko kaburini, Haim wangu na mzee Ersh wakiwemo, wako tisa. Wa kumi anajulikana.

Wakamwita Nusn wampe habari. Alishtuka sana. "Lakini mimi sikuwapo," akasema. "Nilikuwa nimelala."

Wakampa kiti ukuta wa mashariki. Amekikataa. Pale, anasema, kila mtu atamwona akilala, itakuwa si adabu.

Kantori ametishia tena kwenda ng'ambo. Don Leiser akamwambia mlango uko wazi, ila ng'ambo wanakoroma wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwafaa kitu. Kantori amebaki.

Septemba 5
Nusn ameniletea shali. Ameifua, imesinyaa kidogo. Nimelala nayo.

Nimenakili ukurasa wa kwanza wa historia kwa mara ya mwisho. Majina kumi. Aliyelala anahesabiwa. Niliyekuwa macho, nikachemsha chai, nikalitafutia kila neno kichwa chake, sihesabiwi. Nililitafakari hilo, kisha nikakumbuka kalamu iko mkononi mwa nani. Baada ya jina la kumi nimeongeza, kwa mwandiko wa sikukuu na maua, "na aliyewahesabu ni Zlate Kershman." Kamati haisomi nilichonakili. Inatazama tu kama kinapendeza.

Septemba 9
Mkesha wa Mwaka Mpya. Hakuna mvua. Marumaru imefunuliwa, Pinie amelia kwelikweli.

Kabla ya sikukuu hii kila mtu lazima amwombe msamaha aliyemkosea. Sheria inataka uombe hata mara tatu. Nimechelewa mpaka dakika ya mwisho. Nilipanda roshani, nimejitanda shali ya mama, nikaizunguka nguzo, nikasimama mbele ya Beile, wanawake wote wametega masikio.

"Beile, nilikudhania mwizi. Nisamehe."

"Sisikii."

"Nimekukosea miaka ishirini na tano. Nisamehe."

"Zungumza na nguzo, mmezoeana."

Chini kantori alikuwa ameshaanza. Nikasema mara ya tatu, na safari hii sikuwa na maneno ila kwamba alikuwa rafiki yangu wa kwanza katika mji huu, na kwamba nilikosea, na kwamba nilimkosa.

Beile akasema, "Jina la mwizi wa shali nimelibeba muda wote huo bila shali. Nipe."

Niliivua. Nilidhani ningeumia zaidi. Akajitanda, akailaza vizuri begani, akanisogezea nafasi upande wake wa nguzo, usiovuja. Nikakaa.

Kule mlangoni Nusn akaanza kupanda. Mlango ulikuwa wazi na upepo unaingia. Kantori alisita kidogo, akaishusha sauti yake chini, akangoja Nusn afike kabatini na kurudi, kisha akaendelea. Beile akasonya. Akaivua shali, akaiviringisha, akaitupa chini ukumbini kupita juu ya mbao za roshani. Ilimwangukia Don Leiser kichwani. Hakuinua uso wala hakuacha kusali. Aliitoa, akampa wa nyuma yake, naye akampa wa nyuma yake, ikaenda mkono kwa mkono mpaka kiti cha mwisho, na aliyekuwa karibu akamfunika nayo.

Basi shali ya mama imenipotea mara ya pili. Safari hii najua ni nani anayo.